Boti Iliyonyanyua Pua

Jirani yangu hapa Chanika amenunua msumeno wa injini, na tangu aununue miti ya mtaa mzima haina amani. Juzi alikuwa anaangusha mkorosho ulioegemea paa lake. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchicha, moshi ukaingia dirishani, ule wa petroli iliyochanganywa na oili, harufu nzito inayokaa kooni hata baada ya kunywa maji. Nikainuka haraka kufunga dirisha. Mama, ambaye anakaa nami tangu tumzike baba, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Acha wazi." Sikumuuliza kwa nini. Nilirudi kwenye mchicha wangu.

Mimi ni mtu nisiyetulia, walionizoea wanajua. Chai naimalizia nimesimama. Kwenye harusi nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na nikialikwa kikaoni naanza kutikisa mguu kabla ya ajenda ya kwanza. Wengi husema nimezaliwa hivyo. Si kweli. Nilikuwa mtoto wa kulala popote unaponiweka, mpaka ulipokuja msimu mmoja wa masika tukiwa tunaishi Masuguru, pale Korogwe mjini, ndipo nikasahau namna ya kukaa.

Baba alikuwa fundi wa pampu na matrekta kwenye shamba la mkonge, kama baba yake. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Unyamwezi akiwa kijana kuja kuukata huo mkonge. Kazi ya shamba ilipopungua, wenzake walichukua majembe, wengine wakafungua magenge ya nyanya. Baba akaja na wazo la boti. Ninyi mliokulia upande ule mnaujua Mto Pangani ukijaa: shamba la ng'ambo unaliona, hata moshi wa jiko la mtu unauona, lakini kulifika ni shughuli. Ukizunguka kwa barabara unakwenda mpaka Segera, ubadilishe gari, kisha utembee kwenye tope. Ukipanda mtumbwi wa kusukumwa kwa pondo, unapanda huku unasoma dua. Baba alisema atakayevusha watu kwa injini hatakosa kula.

Injini aliipata Tanga, ndogo, imeshatumika, rangi imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Boti aliundiwa na Fundi Mbwana, jirani yetu. Fundi Mbwana alikuwa mtengeneza milango na vitanda, na hakuwa amewahi kuunda chombo chochote cha majini. Hakuna aliyekuwa amewahi pale mtaani kwetu. Lakini hakuwa mtu wa kukataa kazi, tena ndiye aliyekuwa mshenga wa baba alipomwoa mama, hivyo mambo ya nyumba yetu aliyachukua kama yake. Chini ya boti, katikati, mbao mbili pana zilikutana, naye akafanya alichozoea kufanya kwenye kila mlango: akapigilia papi, ule ubao mwembamba, kuufunika muungano wote kuanzia mbele hadi nyuma kabisa. Baba naye akafanya alichofundishwa na pampu za shamba, kwamba maji na injini ni maadui. Akaweka kipande cha gogo la mninga juu ya ubao wa nyuma, injini akaifunga juu ya gogo hilo, isije ikalowa. Wakaipaka boti rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya mtu. Nilidhani hakuna kitu kizuri kama kile Korogwe nzima.

Siku ya kuijaribu, mtaa ulihamia mtoni. Baba alivuta kamba, injini ikaitika, moshi wa bluu, harufu ile ile ya petroli na oili, ukatanda juu ya maji. Akiiendesha polepole ilikwenda vizuri. Alipoongeza moto, boti ilinyanyua pua juu, ubao wa nyuma ukazama karibu usawa wa maji, na injini ikapiga ukelele wa kutisha huku boti yenyewe haiendi popote. Baba akipunguza, pua inashuka. Akiongeza, inapanda tena, na ukelele ule ule. Mtu mmoja ukingoni akamuuliza kama boti imetoka kuota jua. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na baba, nimeziba masikio, na nilijua sababu: injini inaogopa maji. Si baba mwenyewe alisema ni maadui? Niliionea huruma nikaipigapiga mgongoni, nikaungua vidole.

Baba hakuwa mtu wa kukubali kushindwa mbele ya watu. Alisema mashine ngeni lazima izoee, akaanza kuvusha, polepole, huku amefunga uso. Ikawa hivyo mpaka siku ilipokuja habari kutoka Kwedizinga.

Kwedizinga, upande wa Handeni, ndiko kwa kina mama. Mama mkubwa, dada wa bibi, aliyemlea mama tangu akiwa mchanga, alikuwa amefariki alfajiri, na mazishi yangekuwa baada ya adhuhuri. Mama alifunga kanga mbili, akanishika mkono, tukashuka mtoni. Baba alikuwa ameshawasha. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, mto una rangi ya chai ya maziwa na unavuta. Kabla hatujafika katikati injini ilipiga ukelele, baba akapunguza moto akaendelea mbele. Tulipofika katikati, polepole haikutosha tena. Maji yalikuwa yanatushinda, tunarudi nyuma huku tunakwenda mbele. Baba akaongeza moto. Pua ikapanda, ukelele ukaanza, nguvu ikakatika kabisa. Mto ukatuchukua. Namkumbuka mama akiangalia ile ng'ambo ikipita kando yetu, na kivuko, na mti wa kivukoni, vyote vikienda zake juu, sisi tunashuka. Alikuwa ananibana mkono mpaka unauma. Tuliangukia kwenye matete mbali sana chini, tukatoka na tope hadi mapajani.

Tulipoingia uani kwa bibi, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wananawa mikono kwenye ndoo. Maiti ilikuwa imeshatolewa, wanawake wameshaaga, kitanda kitupu kimeegemezwa ukutani. Mama alisimama mbele ya kile kitanda na tope lake. Hakulia hapo. Alilia baadaye, jikoni, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi nilitoka nje nikakimbia kuzunguka nyumba, mara nyingi, bila sababu yoyote ninayoweza kuwaeleza.

Matanga yalipoanuliwa, baba alikuja kutuchukua. Kaka wa mama, mjomba wangu, ndiye aliyempokea, akamkalisha barazani. Mama hakutoka. Alizungumza kutoka ndani, na maneno yake hakuyaelekeza kwa baba. "Mwambie shemeji yako mimi nipo hapa kwetu. Nitarudi siku hiyo boti yake itakapoacha kunyanyua pua."

Wakubwa walielewa wanavyoelewa wakubwa: mke kasusa, ana uchungu, tumwache apoe, baadaye watu watakaa wayazungumze. Mjomba akamsindikiza baba, akimtania kidogo kwa kuwa Mzigua na Mnyamwezi ni watani, lakini utani wenyewe ulikuwa wa kulazimisha. Mimi nilirudishwa Masuguru kwa sababu ya shule. Na mimi nilikuwa nimeelewa jambo moja, kwa uwazi kabisa: mama ametoa sharti. Boti ikilala, mama anarudi. Boti isipolala, hatarudi mpaka nizeeke. Lilikuwa jambo la ufundi, na baba ni fundi, basi kwa nini alikuwa amekaa barazani kwetu anaangalia ukuta?

Nilimsumbua. Sina neno jingine. Asubuhi kabla ya shule, mchana nikirudi, jioni akila. Twende mtoni, baba. Baba, twende mtoni. Darasani nilikuwa nakaa upande mmoja wa kiti tayari kwa kengele, na mwalimu aliniuliza kama nina mchwa. Shangazi, dada wa baba, aliyekuwa akituletea chakula, alisema mtoto huyu amerogwa, apelekwe kwa mtu. Baba hakunipeleka kwa mtu. Siku moja alininyanyukia ghafla nikadhani atanichapa, kumbe anachukua boksi lake la spana.

Tulianza na ule ukelele. Baba alifunga boti kwa kamba kwenye mti wa ukingoni, akawasha, akaongeza moto taratibu huku amelala kifudifudi ameangalia propela. Alikaa vile muda mrefu. Kisha akazima, akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyejikamata mwenyewe kosani. Akanieleza kwamba pampu ya shamba, bomba lake lisipozama vya kutosha, huvuta hewa badala ya maji, na ikivuta hewa hupiga kelele hivyo hivyo na haitoi hata kikombe. Propela ilikuwa juu mno. Ilikuwa haishiki maji, inashika hewa. Gogo la mninga ndilo lililoipandisha, na gogo aliliweka yeye. Alilifungua, akalitupa ndani ya boti, akaishusha injini mpaka lile bamba lililo juu ya propela likawa sawa na sakafu ya chini ya boti. Nilimuuliza kama injini haitaogopa. Akasema inayotakiwa kuogopa ni sehemu ya juu, ya chini imeumbwa ilowe.

Ukelele ulipungua. Haukuisha. Mwanzo propela ilishika, boti ikasukumwa, moyo wangu ukapanda, halafu mwendo ulipokolea hewa ikarudi na pua ikaenda juu. Nililia kwa hasira. Baba hakunibembeleza, alikuwa ameshaingia kwenye kazi. Kuna pini inayopita kwenye matundu pale injini inapofungwa, ndiyo inayoamua injini iinamie ndani au itoke nje. Baba alikuwa ameiweka tundu la nje kabisa, kwa kuwaza kwamba hivyo itaisukuma boti juu. Ilikuwa inaisukuma pua juu. Akaihamisha ndani, tundu baada ya tundu, kila mara tunakwenda tunarudi. Akafungua propela akaichonga kwa tupa pale ilipokuwa imemeguka kwa mawe, akiiinua kwenye mwanga wa jua kulinganisha kila upanga wake na mwenzake. Kila jambo lilisaidia kidogo. Hicho kidogo kilinitesa kuliko bure kabisa, maana kila jioni nilikuwa nalala nikiamini ni kesho.

Papi niliiona mimi, kwa kuwa sikuweza kukaa. Baba alikuwa ameniambia nikae chini nitulie, nami nikawa nimening'inia nyuma, tumbo juu ya ubao, naangalia maji yanavyotoka chini ya boti. Pembeni yalitoka laini, ya kahawia. Katikati yalitoka meupe, yana povu, mstari mmoja ulionyooka ukienda kuingia kwenye propela. Nikamwambia baba kuna mtu anafua huko chini. Alizima injini, akaangalia, akaniambia nishikilie ubao, akawasha tena, tukaenda huku yeye mwenyewe akiangalia. Ubao mwembamba wa Fundi Mbwana ulikuwa unachana maji na kuyachanganya na hewa, halafu unailisha propela hewa hiyo mdomoni.

Fundi Mbwana aliitwa mtoni, akasikiliza, akakasirika. Alisema hajawahi kutengeneza mlango unaopitisha hata mwanga, na sasa anaambiwa aache ufa kwenye kitu kinachokaa ndani ya maji. Baba alijibu kwa upole kwamba si mlango. Wakabishana mpaka Fundi akaondoka, akarudi na patasi bila kuitwa. Aliikata papi kiasi cha mkono mmoja kutoka nyuma, ncha yake akaipunguza taratibu mpaka ikapotea kwenye ubao, akaujaza muungano kwa pamba na lami. Alifanya kazi nzuri kwa hasira. Alipomaliza akamwambia baba kwamba boti ikizama yeye hahusiki.

Haikuzama. Kelele iliisha kabisa. Injini ilinguruma, ikashika maji, ikasukuma kweli. Lakini pua, wallahi, pua ilibaki juu. Si kama mwanzo, ila ilipanda ikakaa pale, na boti ikawa inalima maji, inajitahidi kupanda juu yake na haifiki. Baba akasogeza tangi la petroli mbele mpaka pale mpira wake ulipofika. Bado. Akakaa akatuangalia, yeye na mimi na injini, sote tumejazana nyuma, na mbele patupu.

Wakati huo huo mambo ya wakubwa yalikuwa yanatembea. Fundi Mbwana, kama mshenga, alipaswa kwenda Kwedizinga kusema na wazee, kisha mume ndiye afuate. Baba akamwambia wavuke pamoja. Fundi akasema yeye atazunguka Segera. Baba akamkumbusha kwamba boti ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Akasema ndiyo maana. Alitangulia kwa barabara, na kesho yake tukapata salamu kwa mtu aliyevuka na mtumbwi: wazee wamekubali kusikiliza, na mama amekubali kushuka mpaka kivukoni upande wao siku ya Jumapili, asimame aangalie. Akiona pua juu, anarudi kwao. Amesema hivyo mbele ya watu, safari hii si kwa uchungu.

Jumapili asubuhi, umande bado upo, baba alibeba gunia la katani akalijaza mchanga wa ukingoni. Alilifunga mdomo, akalipakia mbele kabisa, juu ya ubao wa kukalia, akalikaza kwa kamba. Tukaingia, tukasukuma, baba akaongeza moto. Pua ikapanda kidogo, ikasita. Halafu ikashuka. Sijui niwaelezeje. Boti ililala. Ule mzigo wa maji uliokuwa ukitukwamisha uliachia chini yetu, mngurumo wa injini ukawa mwepesi, upepo ukanijaza mdomo, na chini ya mbao nikasikia maji yakipita kwa mlio mwembamba kama mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Tulikwenda juu, tukageuza, tukashuka. Nilikuwa napiga kelele kuliko injini ya mwanzo. Baba alikuwa anatabasamu meno yote, baba ambaye alikuwa hajatabasamu tangu matanga.

Tulirudi ukingoni kwetu kuvaa nguo safi. Baba akavaa shati la sikukuu na kofia. Kisha akafungua ile kamba, akalikumbatia gunia, akalishusha, akaliweka mchangani.

"Baba, gunia," nikamwambia.

"Liache."

Nikamwambia pua itapanda. Akasema anajua. Nikamwambia mama amesema atarudi kwao. Akasema ingia kwenye boti, mama, tunachelewa. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nilidhani amechanganyikiwa. Nilijaribu kulivuta lile gunia mwenyewe, likakataa hata kutikisika, na baba akanibeba mimi akaniweka ndani.

Hasira niliyokuwa nayo katikati ya ule mto sijawahi kuirudia, na mimi ni mtu wa hasira. Pua ilipanda palepale ilipozoea. Nikaona ng'ambo kofia ya Fundi Mbwana, mjomba na fimbo yake, na pembeni yao mtu mwenye kanga nyekundu. Nikaacha kuomba. Nilitambaa mpaka mbele, nikalala juu ya ule ubao, tumbo chini, mikono na miguu nimeitandaza, mchanga uliobaki ukinikwaruza kifua, nikajifanya mzito. Nilivuta pumzi nikaizuia, nikiamini mtu aliyejaa hewa ana uzito zaidi. Nilikuwa kilo chache za mifupa. Tulifika ng'ambo hivyo, taratibu, pua juu, na mimi nimebandikwa juu ya hiyo pua.

Fundi Mbwana alikuwa ameinamisha kichwa. Mjomba alimtazama mama. Mama alikuwa ameshageuka nusu, mguu mmoja umeelekea njia ya kwao. Baba alizima injini, akashuka ndani ya maji na viatu vyake vya sikukuu, akamwamkia mjomba kwa heshima zote, ingawa walilingana umri. Kisha akamwangalia mama. Nakumbuka maneno yake kwa kuwa sikuwahi kumsikia baba akisema mengi kwa mara moja.

"Siku ile injini ilipiga kelele tukiwa hatujafika hata katikati. Ningeweza kugeuza, tukatafuta mtumbwi. Niliona haya, watu walikuwa wanaangalia. Haikukuchelewesha boti. Nilikuchelewesha mimi, na mama mkubwa akazikwa hujamwona."

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti.

"Na hiyo pua?" mama akauliza hatimaye.

"Nimetengeneza kila kitu ninachokiweza," baba akasema. "Sasa inakosa mtu wa kukaa mbele."

Mjomba alikohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kucheka, akasema Wanyamwezi hawa wana maneno. Mama aliniangalia mimi, nilivyolala pale na nguo imelowa, akasogea, akaninyanyua kwa kwapa moja akaniweka sakafuni. Akatazama ule ubao kidogo. Kisha akapokea furushi lake kutoka kwa mjomba, akapanda, akakaa.

Baba akawasha. Alipoongeza moto, nilifumba macho. Pua ikapanda kidogo, ikasita, ikashuka, na mlio ule mwembamba ukaanza chini ya mbao. Nilipofumbua, kanga nyekundu ilikuwa imejaa upepo mbele yangu na mama ameshika kingo mbili za boti, kichwa kimenyooka. Nyuma yetu Fundi Mbwana alikuwa anarusha kofia yake juu. Yeye alirudi kwa Segera.

Tulipotua upande wetu gunia lilikuwa bado limesimama pale mchangani, mdomo umefungwa. Mama alilipita. Alisimama hatua chache mbele, akapangusa kanga yake kwa nyuma na kiganja, akapangusa tena, muda mrefu, akiangalia mto. Nikadhani anaondoa tope. Kisha akaniambia nibebe viatu vyake, tukapanda kwenda nyumbani. Jioni baba alilimwaga lile gunia, akalikung'uta, akalikunja. Boti ile alivushia watu misimu mingi, na abiria wa kwanza siku zote alimkalisha mbele.

Nilikuwa mtu mzima, nina ndoa yangu na visirani vyake, nilipoelewa kwamba baba hakusahau gunia wala hakuchanganyikiwa. Alikuwa na boti inayolala. Angeweza kuvuka nayo kwa fahari, kofia ikipepea, aonyeshe kila aliyemcheka. Akachagua kufika na pua juu, mbele ya shemeji yake, ili mahali pale pabaki wazi. Nililibeba jambo hilo kama siri yangu na yake. Nilipanga kumuuliza. Mimi nisiyetulia, ambaye siwezi kungoja chai ipoe, hilo nililingojea mpaka tukamzika.

Kwa hiyo juzi, moshi wa jirani ukiwa umejaa jikoni, nikaacha mchicha nikaenda kukaa mkekani. Nikamwambia mama kuna kitu hakukijua. Nikamsimulia asubuhi ile, mchanga, kamba, boti ilivyolala tukiwa mimi na baba tu, na jinsi baba alivyolishusha gunia. Nilikuwa naogopa kidogo atasemaje, uzeeni hivi, akijua alidanganywa.

Mama alinisikiliza huku anakunja kanga aliyokuwa ameianua.

"Ule ubao ulikuwa na mchanga mbichi," akasema. "Na alama ya kamba pande zote mbili. Nilikaa juu ya mchanga, mwanangu. Kanga ililowa mpaka ndani. Halafu nikalikuta gunia lenyewe limesimama ng'ambo linanitazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku ile, au siku yoyote, miaka yote ile.

"Ningesema, ingebidi nishuke," akasema. "Na mimi nilikuwa sitaki kushuka."

Msumeno wa jirani ukazimika. Tulikaa hapo, dirisha wazi, mpaka harufu ilipoisha, na mchicha nikaupika usiku.